Je, Jiwe la Angani Litatupiga Mwaka 2029?



Siku moja baada ya darasa mzee mmoja wa kikundi chetu cha kisomo alinisubiri mlangoni. Wenzake walipokwisha kuondoka akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli kwamba mwaka 2029 jiwe kubwa litaanguka kutoka mbinguni na kutumaliza sote?"

Nikamwuliza, "Baba, habari hiyo umeipata wapi?"

Akasema, "Kijana mmoja kaja nayo kutoka mjini, imo ndani ya simu yake. Na jana kaja mtu anataka kununua ng'ombe wangu watatu kwa bei ya kutupa. Kaniambia, mzee, mali ya nini tena, dunia inakwisha!"

Mzee huyu anajua kusoma na kuandika. Anasoma barua zake mwenyewe na anasoma mizani anapouza mazao. Lakini habari ya jiwe hakuwa na mahali pa kuisoma. Alikuwa na maneno ya watu tu. Nikamwambia, "Baba, usiuze hata mkia wa ng'ombe mpaka tusome pamoja."

Basi somo hili ni jibu nililompa. Nimeliandika ili na wewe ulisome, umsomee na jirani.

Jibu lenyewe kwa ufupi ni hili. Jiwe lipo. Litapita karibu. Halitatupiga. Sasa tuone tunajuaje.

1. JIWE LENYEWE NI LIPI?

Sote tunajua kwamba dunia yetu inalizunguka jua. Sayari nyingine 7 nazo zinalizunguka. Lakini huko angani kuna pia mawe mengi mno, makubwa na madogo, nayo yanalizunguka jua vilevile. Wataalamu huyaita asteroidi. Sisi katika somo hili tutayaita mawe ya angani.

Mengi yake yako mbali, kati ya sayari ya Mirihi na sayari ya Mshtarii. Mengine yamepewa hata majina ya nchi za jirani zetu. Liko jiwe linaloitwa Kenya, na liko linaloitwa Uganda. Yote mawili aliyagundua Cyril Jackson mwaka 1933 akiwa Johannesburg, Afrika ya Kusini. Hayo hayatukaribii.

Lakini yako mawe ambayo njia zake zinapita jirani na njia ya dunia. Jiwe alilolisikia mzee wetu ni mojawapo. Jina lake ni Apophis. Liligunduliwa tarehe 19 Juni 2004, kwa darubini iliyoko Arizona, Marekani. Upana wake kwa wastani ni kama mita 340. Ukiunga viwanja vitatu vya mpira kwa urefu, jiwe hilo linavizidi kidogo.

Apophis ni jina la nyoka wa hadithi za kale za Misri, adui wa jua. Nadhani jina hilo nalo limesaidia kuwatisha watu. Lakini jina haliui mtu.

2. DUNIA NAYO IKO SAFARINI

Sisi watu wa Tabora tunaijua habari ya safari. Zamani, kabla ya reli, misafara ilitoka Bagamoyo kwenye bahari, ikapita Mpwapwa, ikakata nchi ya Ugogo, ikaingia Unyamwezi, ikapumzika hapa Tabora. Kisha ikaendelea magharibi, ikavuka mto Malagarasi mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walibeba pembe za ndovu, vitambaa na shanga. Na katika njia hiyohiyo watumwa walipelekwa pwani wakiwa wamefungwa minyororo. Hilo nalo tusilisahau.

Njia hiyo, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, ni kama kilometa 1,200. Wazungu Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Tabora mwezi Novemba. Ni zaidi ya miezi minne, na Ujiji bado iko mbele.

Sasa linganisha na dunia. Dunia inakwenda kilometa 30 kwa kila sekunde. Umbali wa Bagamoyo mpaka Ujiji dunia inaumaliza kwa sekunde 40! Hatusikii mwendo huo kwa sababu tunakwenda nayo sote pamoja, sisi, nyumba zetu na hewa tunayovuta. Ni kama mtu aliyelala ndani ya behewa kwenye reli iliyonyooka.

Dunia inalizunguka jua mara moja kwa siku 365. Njia yake ni karibu duara kamili, na iko mbali na jua kama kilometa milioni 150.

Apophis linamaliza mzunguko wake kwa siku kama 324. Njia yake si duara kamili. Imerefuka kidogo kama yai. Kwa hiyo upande mmoja linalikaribia jua, likabaki umbali wa kilometa kama milioni 112. Upande wa pili linakwenda mbali mpaka kilometa kama milioni 164. Hebu tazama hesabu hizo. Dunia iko kwenye milioni 150. Jiwe linakuja ndani ya 150, kisha linatoka nje ya 150. Kwa hiyo kila linapozunguka lazima liikate njia ya dunia, kuingia na kutoka.

Hapo ndipo hofu inapoanza. Mtu akisikia "jiwe linaikata njia ya dunia" anadhani basi tumekwisha. Ngoja kwanza.

3. NJIA KUKUTANA SI WASAFIRI KUKUTANA

Tabora ilikuwa njia panda. Njia moja ilitoka pwani, nyingine ikaenda Ujiji, nyingine ikaenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Njia zote zilikutana hapa. Je, misafara yote ilikutana? Hapana. Msafara wa pwani ukipita Julai, na wa Karagwe ukipita Septemba, haitaonana kamwe, ingawa yote imekanyaga mchanga uleule.

Mwaka 1872 Dk. Livingstone alikaa Kwihara, jirani na mji wetu, tangu Machi mpaka Agosti. Alikuwa anasubiri wapagazi. Njia ilikuwepo siku zote. Waliokosekana ni watu wa kukutana nao.

Kwa hiyo, ili Apophis litupige haitoshi njia zake kukatana na za kwetu. Lazima jiwe na dunia vifike njia panda ileile, siku ileile, saa ileile, na hata dakika ileile. Dunia ina upana wa kilometa kama 12,700. Kwa mwendo wake wa kilometa 30 kwa sekunde, inauhama upana wake wote kwa dakika 7 hivi. Mgeni akichelewa nusu saa, anakuta dunia imekwisha kupita.

Tena njia ya jiwe imeinama kidogo. Hailali sawasawa na njia ya dunia. Ni kama barabara inayopita juu ya reli kwenye daraja. Ukichora kwenye karatasi zinakatana, lakini gari na treni havigusani.

Jambo jingine. Kwa kuwa jiwe linazunguka kwa siku 324 na dunia kwa siku 365, jiwe ni kama mtu anayetembea upesi zaidi kuzunguka uwanja. Baada ya muda anamfikia tena mwenzake. Kwa Apophis hutokea kila miaka 8 hivi. Mwaka 2013 lilipita, na mwaka 2021 likapita tena. Mara zote mbili lilikuwa mbali nasi kilometa zaidi ya milioni 14. Je, uliliona? Hukuliona. Kwa macho tu lisingeonekana. Zamu inayofuata ni mwaka 2029, na zamu hiyo litapita karibu sana.

4. KWA NINI HATA WATAALAMU WALISHTUKA?

Mzee wetu aliniuliza, "Sasa Mwalimu, kama hakuna hatari, maneno haya yametoka wapi?"

Ni swali zuri. Kila uvumi una mahali ulipoanzia.

Fikiri kwamba wewe ni mkuu wa stesheni hapa Tabora. Unaambiwa kwa simu, "Treni imetoka Manyoni." Hujui imetoka saa ngapi, wala inakwenda mwendo gani. Itafika lini? Unaweza kusema tu, "Labda kati ya jioni na usiku." Baadaye Itigi wanakupigia, "Imepita hapa sasa hivi." Sasa unakisia vizuri zaidi. Kila stesheni inapokupigia, jibu lako linakuwa sahihi zaidi. Mwisho unaitaja saa bila wasiwasi.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi Desemba 2004 Apophis lilikuwa limepimwa mara chache tu. Wataalamu walipofanya hesabu wakaona iko nafasi kama 1 kati ya 37 kwamba litaipiga dunia mwaka 2029. Hawakuficha, walitangaza. Habari hizo ndizo zinazozunguka mpaka leo.

Lakini watu wengi husimulia mwanzo wa habari, mwisho hawauelezi. Kabla mwezi huohuo haujaisha zilipatikana picha za nyuma, za mwezi Machi 2004, ambazo jiwe hilo lilikuwa limeingia bila mtu kulitambua. Ikawa kama stesheni ya nyuma imepiga simu. Hesabu ikafanywa upya, na hatari ya mwaka 2029 ikafutwa kabisa.

Vipimo viliendelea. Mwezi Machi 2021 jiwe lilipimwa kwa rada, yaani mawimbi kama ya redio yalitumwa mpaka kwenye jiwe, yakarudi. Baada ya hapo wataalamu wakasema kwamba Apophis halitaipiga dunia kwa muda usiopungua miaka 100. Si sisi, si watoto wetu, na wajukuu wetu nao wamo.

Jifunze jambo hapa. Vipimo vichache huleta wasiwasi. Vipimo vingi huuondoa. Anayekuletea habari mwulize, "Hii ni ya mwaka gani? Na baada ya hapo walisemaje?"

5. USIKU WENYEWE UTAKUWAJE?

Siku hiyo itakuwa Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029. Jiwe litatukaribia zaidi usiku wa kuamkia Jumamosi, muda mfupi kabla ya saa 7 usiku kwa saa zetu. Litakuwa juu ya ardhi kwa kilometa kama 32,000. Mwezi uko mbali nasi kilometa kama 384,000. Kwa hiyo jiwe litapita kwa umbali ambao ni chini ya sehemu moja ya kumi ya umbali wa mwezi. Litapita hata chini ya baadhi ya vyombo vilivyorushwa angani kutuletea picha za televisheni, ambavyo viko juu kama kilometa 36,000.

Kwa jiwe kubwa namna hiyo, kupita karibu hivyo ni jambo la nadra sana. Na sisi Waafrika tuna bahati. Usiku huo jiwe litavuka juu ya Bahari ya Hindi, lipite juu ya Afrika, likielekea magharibi kwenye Bahari ya Atlantiki. Ndiyo, kutoka pwani kwenda bara, kama misafara ya zamani! Ila mwendo wake utakuwa zaidi ya kilometa 7 kwa sekunde. Umbali wa Bagamoyo mpaka Ujiji ungelichukua kasoro ya dakika 3.

Litaonekana kwa macho bila darubini. Usitazamie moto wala mkia. Litakuwa kama nyota ya kawaida, si angavu sana, lakini inahama pole pole kati ya nyota nyingine. Usiku huo hakutakuwa na mbalamwezi, na hiyo itatusaidia. Kinachoweza kutunyima ni mawingu, maana Aprili mvua bado zipo.

6. DUNIA ITAIPINDA NJIA YA JIWE

Mwaka 1871 Stanley alikuwa hapa Tabora akitaka kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Lakini Mtemi Mirambo alikuwa anapigana na Waarabu wa Tabora, na njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley akalazimika kupinda kusini, akazunguka, akafika Ujiji mwezi Novemba. Nguvu ya Mirambo iliipinda njia ya msafara bila hata kumgusa msafiri.

Dunia nayo ina nguvu ya kuvuta. Nguvu hiyo ndiyo inayoliangusha embe chini, na ndiyo inayoushika mwezi usitoroke. Apophis likipita karibu, dunia italivuta. Halitaanguka, kwa sababu lina mwendo mkubwa, lakini njia yake itapinda. Kabla ya usiku ule linazunguka jua kwa siku 324. Baada ya usiku ule litazunguka kwa siku kama 420. Njia yake itakuwa ndefu zaidi.

Chombo cha Marekani kilichokwisha kuleta udongo wa jiwe jingine, liitwalo Bennu, mwaka 2023, kimepangiwa kulifuata Apophis na kulichunguza baada ya kupita kwetu.

7. NA MAWE YASIYOJULIKANA JE?

Mzee akanibana tena. "Hilo tumelijua. Na yale ambayo hamjayaona?"

Sikumdanganya. Mawe makubwa sana, yenye upana wa kilometa moja na zaidi, karibu yote yanayopita jirani nasi yameonekana. Madogo mengi bado. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la upana wa mita kama 20 lililipuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Hakuna aliyeliona kabla, maana lilitokea upande wa jua. Halikuua mtu, lakini watu zaidi ya 1,000 waliumia. Wengi waliumizwa na vioo. Waliona mwanga mkali, wakakimbilia madirishani kutazama. Kishindo kikaja baadaye, kikavunja vioo usoni mwao.

Hapa iko tahadhari ya maana. Ni kama radi. Mwanga hufika kwanza, sauti baadaye. Ukiona mwanga mkali mno angani, usiende dirishani. Kaa mbali na vioo, lala chini, usubiri dakika chache.

Mara nyingine jiwe huonekana mapema. Tarehe 6 Oktoba 2008 jiwe la mita kama 4 lilionekana kule Arizona. Hesabu ikafanywa upesi, ikaonyesha kwamba litafika kesho yake kaskazini ya Sudan. Likafika kweli, likapasukia juu ya jangwa. Baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, wakiongozwa na Muawia Shaddad pamoja na Peter Jenniskens kutoka Marekani, walipanga mstari wakalitembea jangwa kwa miguu, wakaokota vipande mamia. Vipande hivyo vimepewa jina la stesheni ya reli iliyo jirani: Almahata Sitta, maana yake Stesheni ya Sita. Sita ya Kiarabu ndiyo sita yetu.

Hapa nchini tunacho Kimondo cha Mbozi, mkoa wa Songwe, jiwe la chuma lenye urefu wa mita kama 3. Na tarehe 16 Desemba 1938 jiwe jingine dogo lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Jiwe la Ivuna linajulikana kwa wataalamu ulimwenguni kote. Mwaka 2020 Wajapani walileta udongo kutoka jiwe la angani liitwalo Ryugu, na walipoupima waliuona unafanana sana na jiwe letu la Ivuna.

Tena binadamu ameanza kujifunza kujikinga. Tarehe 26 Septemba 2022 Wamarekani walikigongesha chombo kwenye jiwe dogo linaloitwa Dimorphos, ambalo linazunguka jiwe kubwa zaidi. Mzunguko wake ulikuwa wa saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Kumbe jiwe linaweza kusukumwa!

MZEE ALIFANYA NINI?

Tulipomaliza, mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo yule bwana alitaka ng'ombe wangu tu." Hakuuza. Ameniomba nimwandikie tarehe ile kwenye daftari lake. Nikakataa. Nikampa kalamu, akaiandika mwenyewe: 13 Aprili 2029. Anasema usiku huo atakaa nje na wajukuu zake.

Na wewe iandike.

KAZI YA KIKUNDI: CHORENI NJIA UWANJANI

Tafuteni kamba, vijiti vitatu na uwanja ulio sawa.

(a) Simamisheni kijiti cha kwanza. Hilo ni jua. Fungeni kamba ya mita 3, mchore duara. Hiyo ni njia ya dunia.

(b) Simamisheni kijiti cha pili umbali wa mita 1 kutoka kijiti cha jua. Chukueni kamba ya mita 6 na sentimeta 60, mwiunge ncha kwa ncha iwe kitanzi. Kizungusheni kitanzi kwenye vijiti vyote viwili. Ingizeni kijiti cha tatu ndani ya kitanzi, mkivute kamba ikaze, mchore mkizunguka. Mtapata umbo la yai. Hiyo ni njia ya Apophis.

(c) Hesabuni njia hizo zinakatana mara ngapi.

(d) Mtu mmoja atembee njia ya dunia, mwingine njia ya jiwe, huyu wa jiwe akitembea upesi kidogo. Je, wanagongana kila mzunguko? Zungumzeni kwa nini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Asteroidi: jiwe la angani linalozunguka jua.
Kimondo: jiwe la angani linaloingia hewani kwetu na kuwaka, au lililoanguka chini.
Obiti: njia ambayo sayari au jiwe hufuata kuzunguka jua.
Darubini: chombo cha kuonea vitu vya mbali.
Uvumi: habari inayoenea bila kuthibitishwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Apophis liligunduliwa mwaka gani? Upana wake ni mita ngapi?
2. Dunia inakwenda kilometa 30 kwa sekunde. Kwa dakika moja inakwenda kilometa ngapi?
3. Kwa nini njia mbili kukatana si hatari peke yake? Toa mfano wa kijijini kwako.
4. Ni kitu gani kiliondoa hofu ya Desemba 2004?
5. Ukiona mwanga mkali sana angani, utafanya nini? Usifanye nini?
6. Mtu akikuletea habari ya kutisha kisha akataka kununua mali yako, utamwuliza maswali gani? Andika matatu.